Mpwa Wako Wamemwacha kwenye Nyota

Kwai,
Lushoto.
Jumapili, 13 Julai 2025.

Kaka Nikodemo,

Wamemwacha Loveness kwenye nyota! Wamemwacha peke yake kwenye ukungu, chombo kikapaa, na Nahodha hakugeuka nyuma hata mara moja. Nchi nzima imeona. Nchi nzima imelia.

Haya, nimelitoa kifuani, sasa naweza kukusalimu kama mtu mwenye adabu. Shikamoo kaka. Hamjambo huko Sumbawanga? Wifi Wema anaendeleaje na lile goti lake? Mwambie asikae kwenye sakafu ya baridi. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa kipupwe cha mwaka huu kimekuja na meno. Elisante kifua kinambana asubuhi, lakini bado anakwenda kukata majani ya ng'ombe, hasikii la mtu. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike, mzuri, ana kidoa cheupe usoni. Kabichi zimefunga vizuri.

Najua utashangaa kuona barua siku hizi za simu. Yako inaita mpaka inachoka, na ujumbe hujibu. Nikasema barua ya mkono wangu atasoma, maana ni yeye aliyenishika huu mkono nikaandika jina langu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, baba akatuchapa sote wawili. Darasa la saba langu ndilo hili unaloliona, na herufi bado zimesimama wima.

Wewe hiyo tamthilia unaijua au huijui, nitalirudia hilo mbele. Ila wifi nimweleze, ili asipotee. Inaitwa Wasafiri wa Mwaka Elfu Tano, huonyeshwa kila Alhamisi. Kuna Nahodha mmoja anazunguka kwenye nyakati na kwenye nyota kwa chombo chake kilichochakaa, na kila anapotua anakuta watu wenye shida, anawasaidia. Lakini Nahodha mwenyewe ni mtu wa maneno tu. Anayekitengeneza chombo kikiharibika, anayemkumbusha kula, anayemkemea akianza kujiona mungu, ni mwenzake wa safari, fundi Sheshe. Na huyo Sheshe ni nani? Ni Loveness wangu, niliyemzaa kwenye nyumba hii hii mvua ikinyesha na mkunga amechelewa.

Sipendi kujisifu, unanijua. Lakini ukweli ukiufunika unatoa mvuke. Mponde kuna watoto wawili wamepewa jina la Sheshe. Bumbuli kuna bajaji imeandikwa mgongoni lile neno lake, "Tulia, nakaza nati." Nikienda Lushoto siku ya soko nauziwa nyanya na mtu asiyeniachia mkono, ati amemshika mama yake Sheshe. Na mwanangu anaongea vile vile tunavyoongea sisi, anavuta maneno Kishambaa kabisa. Walimwambia wenyewe tangu mwanzo kwamba wamemchagua kwa lafudhi hiyo, kwamba fundi anayeongea hivyo mtu anamwamini.

Basi mwezi wa nne wakamwita ofisini kwao Dar es Salaam, wakamwambia Sheshe ameshazoeleka. Ameshazoeleka! Chumvi nayo imezoeleka, mbona hawaitupi? Wameleta mwenza mpya wa Nahodha. Sitamtaja jina, mtoto wa watu hana kosa. Lakini ana kucha ndefu hivi, zimepakwa rangi. Fundi gani wa chombo ana kucha vile? Siku moja zitanasa kwenye injini, waje wanikumbuke.

Sasa sikia kejeli yenyewe. Hiyo nyota waliyomwacha ni hapa hapa Kwai. Walikuwa wanatafuta mahali penye ukungu na miti mirefu, na mtoto kwa moyo wake mwema akawaambia kwetu vipo, bure. Wakaja mwezi wa tano na magari, wakapiga kambi ukingoni mwa msitu wa Magamba, juu ya shamba la Yusta, yule kiongozi wetu wa kwaya ya akina mama. Wakatuchukua sisi wanawake tuwe watu wa nyota. Walitupaka udongo mweupe uso mzima, mpaka Elisante, mume wangu mwenyewe, alinipita njiani akaniamkia, "Shikamoo bibi." Nikamwitikia marahaba. Jioni nilipomwambia alikataa kula.

Mkubwa wa kazi ile ni kijana anaitwa Valentino, mwenye kofia ya sufu asiyoivua. Akatupanga, akasema, "Mama zangu, ninyi hamna maneno. Mnasimama, mnatazama, basi." Hadithi yao ni kwamba Sheshe amevuta ukungu wa nyota ile, na akirudi ndani ya chombo, chombo kitakufa na Nahodha atakufa nacho. Kwa hiyo anabaki na wale watu wa nyota siku zote za maisha yake.

Nikauliza, "Anabaki kwa nani?"

"Kwenu, mama."

"Kwa hiyo anaolewa?"

"Hapana mama, ni hadithi tu."

Hadithi. Kaka, unakumbuka mimi nilivyoondoka kwenda kwa Elisante. Wanawake walifunga njia kwa kanga, wakakataa katakata, bwana harusi na wenzake wakasimama pale kwenye tope na viatu vyao vya kuazima. Hakupita mtu mpaka mjomba wetu marehemu alipotoka ndani, akanishika mkono, akanivusha kizingiti, akasema mbele ya watu wote, "Dorkasi, nenda. Njia ya kurudi ni hii." Ndivyo tunavyoaga kwetu, iwe harusi, iwe kazi, iwe masomo ya mbali. Baba hasemi, mama hasemi. Anasema mjomba. Mtoto asiyeonyeshwa njia ya kurudi hajaagwa, ametupwa.

Kamera zikaanza. Nahodha ni kijana wa Tanga anaitwa Dula, mpole sana akiwa nje ya kazi. Akamwangalia Loveness, akasema maneno yake mawili ya kujikaza, akageuka kuelekea chombo. Yusta hakuvumilia. Alivua kanga ya kiunoni akaitandaza njiani.

"We baba, unakwenda wapi? Mtoto unamwachia nani?"

Na sisi wote, kama vile tumepigiwa kinanda, "Mjomba wake yuko wapi? Atoke mjomba!"

"Kama hana mjomba, utasema wewe! Hupiti!"

Valentino anapiga kelele, "Kata! Kata! Mama zangu, tafadhali!" Yusta anamjibu bila kumtazama, "Nyamaza wewe mwenye kofia, huyu mtoto ana kwao."

Nani alishika upande wa pili wa ile kanga, huna haja ya kuuliza.

Dula akasimama. Ni mtoto wa Tanga, anajua wanawake wakishafunga njia hakuna ubabe. Akarudi. Akamshika Loveness mkono, akamvusha mzizi mmoja mkubwa uliokatiza njia kana kwamba ni kizingiti, akasema, "Sheshe, nenda." Kisha akatuangalia, hajui linalofuata. Yusta akamnong'oneza. Akalisema lote, taratibu, "Njia ya kurudi ni hii."

Kaka, Loveness alilia. Si kile kilio cha Sheshe, kile nakijua, machozi yanateremka kwa mstari na uso unabaki mzuri. Hiki kilikuwa chake mwenyewe. Aliketi kwenye majani mabichi akalia kwa kwikwi kama alipokuwa na miaka sita, na sisi tukalia, udongo ukatutiririka mpaka shingoni. Hata Valentino nilimwona anajifuta kwa ile kofia. Akasema, "Tumepata. Mama zangu, tumepata." Tukateremka nyumbani tunaimba. Tulijua nchi nzima itaona mtoto wetu anavyoagwa. Yusta alishona kitenge kipya kwa ajili ya kwenda kuangalia.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi wa sita tukashuka Lushoto wote, mpaka dukani kwa Tatu, mama wa Kitanga anayeuza vyombo karibu na stendi, maana ana televisheni kubwa ukutani. Alitutandikia mikeka. Tukangoja.

Wamekata vyote. Kanga hakuna. Mkono hakuna. Neno hakuna. Sisi tumesimama tu kwenye ukungu kama magogo, Nahodha anasema yake mawili, anageuka, anakwenda. Chombo kikapaa. Mwanangu akabaki pale, uso mkubwa umejaa ukuta mzima wa Tatu, anatazama juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsogelea. Mimi mama yake nilikuwepo pale, naonekana kabisa, wa tatu kutoka kushoto, na sikumsogelea.

Tatu alizima televisheni akasema, "Wamechukua nyama, wametuachia mfupa." Yusta alikunja upande wa kitenge chake kipya, akakunjua, akakunja.

Nikampigia Valentino pale pale. Akapokea kwa furaha, ati watu wote wanalia, ati haijapata kutokea. Nikamuuliza ile sehemu yetu iko wapi. Akasema, "Mama yangu, ilikuwa nzuri, lakini watu wa nyota hawafungi njia kwa kanga. Watazamaji wangecheka."

Nikamwambia, "Wewe umewahi kufika nyota gani ukawajua watu wake?"

Akacheka. Basi nami nikamkatia simu.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ni kama ya msiba. Watu wanapanda mlima kuja kunipa pole. Mama mmoja katoka Mponde na majani ya chai na sukari ndani ya kikapu, simjui hanijui, akaketi mkekani akanishika mikono, "Pole mama, ndiyo mapenzi ya Mungu." Nikamwambia, "Mwenzangu, huyo unayemlilia yuko nyuma ya nyumba anakamua ng'ombe." Loveness akatokea na ndoo ya maziwa, akamwamkia. Yule mama akaanza kulia upya. Tulimpa maziwa, akanywa, akaenda zake analia barabara nzima.

Tunacheka, kaka. Wageni wakiwepo Loveness anacheka kuliko wote, anawafanyia lile neno la nati. Wakishaondoka anakuwa mtu mwingine. Anafua nguo zilizo safi. Anasimama kwenye ua anaangalia barabara.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Wamemwita Kigali. Kuna mchezo wa redio wa Kiswahili, wa watoto na wazazi, utakwenda nchi zote hizi za jirani, na wanamtaka yeye awe wa mbele, si mwenza wa mtu. Walimsikia wenyewe, hakuomba. Nilirukaruka mpaka kuku wakakimbia. Wanataka awe amefika kabla ya katikati ya mwezi wa nane. Naye amesema haendi.

Tulikuwa jikoni tunamenya magimbi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, nimechoka kuondoka kama mwizi."

Nilijua anasema siku gani.

Na wewe unaijua, ile aliyoondoka kwenda Dar es Salaam kuanza kuigiza. Ulikuwa umekuja likizo. Ulisema uigizaji ni uhuni, na atakayemuaga huyu binti asikuhesabu ndugu. Asubuhi ile alipiga hodi kwenye chumba chako, ukanyamaza. Akapiga tena. Ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Mimi sina mpwa mhuni." Akabeba begi lake. Nikamfuata mpaka barabarani, nikakosa la kumwambia, kwa sababu neno lenyewe halikuwa langu, lilikuwa lako. Gari likaja akapanda. Alichungulia dirishani, na aliyekuwa anamtafuta si mimi.

Kwa hiyo siku ile msituni, Dula alipolisema lile neno, mtoto wa watu asiyetuhusu, amefundishwa na Yusta kwa kunong'onezwa, ndipo mwanangu aliposikia kwa mara ya kwanza mtu akimwambia njia ya kurudi ni hii. Na hata hilo wamelikata.

Nilimwambia Mchungaji atakuombea. Akasema, "Mchungaji aniombee kila Jumapili, sikatai. Lakini Mchungaji si mjomba wangu." Elisante maskini akavaa koti lake la kanisani, akasema yeye ataziba pengo. Loveness akamkumbatia, "Baba, wewe kazi yako ni kunililia." Akalivua koti. Basi amemalizia hivi, maneno yake haya haya: "Mjomba akija kuniaga, nitakwenda. Asipokuja, nitabaki nilime karoti na mama." Na ana kichwa kigumu kama cha mtu mmoja ninayemwandikia.

Nisikudanganye, moyo wa mama una mlango wa uani. Akibaki nitafurahi. Nyumba ina joto akiwepo, na ng'ombe anamwachia maziwa kuliko mimi. Lakini sikumzaa yule alime karoti. Karoti nitalima mimi. Yule ana sauti ambayo ikitoka kwenye redio mtu anaacha chungu kinaungua. Ningekuwa na kaka mwingine ningemwita. Nina wewe tu.

Nilikuwa nimejipanga kukubembeleza, kaka. Nilitaka kuandika kwa upole. Ndipo Ijumaa akapita Shadya, yule mfanyabiashara wa Tanga anayechukua viazi kwetu na kufuata maharage huko kwenu. Akaketi, akapewa chai, akasema, "Mama Loveness, kumbe kaka yako ana moyo laini vile!"

Nikasema, "Kaka yangu yupi?"

Akanieleza. Kwamba Alhamisi ile alikuwa kwenye ghala lako la maharage. Kwamba ulifunga mapema, na vijana wa kupakia wakamwambia mzee hufunga mapema kila Alhamisi, haikosi. Kwamba ulikaa mbele kabisa ya televisheni, na mtu akikohoa unamkazia macho. Chombo kilipopaa ulijifunika uso kwa kofia, wakakuletea maji. Na ukasema, "Huyo ni mpwa wangu. Huyo nimembeba mgongoni." Kisha ukamlaani Nahodha. "Mwanaume gani huyu, anaondoka hana hata neno."

Shadya alidhani ananiletea habari njema. Aliponiona nimeweka kikombe chini akaniuliza kama chai ina moshi.

Kila Alhamisi, kaka! Miaka yote hiyo! Mimi huku nadhani hutaki hata kulisikia jina lake, namkataza Elisante asikutajie. Kumbe unakaa mbele. Umemlilia Sheshe mpaka umeletewa maji. Sheshe ni ovaroli la bluu na maneno ya kuandikiwa. Loveness ndiye yupo. Ana mikono imepasuka kwa baridi, yuko hapa nyuma ya ukuta nikiandika, namsikia anaita ndama, na hujamtumia hata salamu. Kwenye ukuta unamjua, mlangoni kwako humjui? Na yule uliyemlaani kwa kuondoka bila neno, kaka, amecheza tu. Alipewa karatasi akaambiwa afanye hivyo. Wewe nani alikupa karatasi?

Nimeacha kalamu nikaenda kunywesha ng'ombe, nimerudi. Sitafuta nilichoandika. Kama kimekuchoma, ndilo lilikuwa kusudi.

Loveness sijamwambia habari ya Shadya. Ni yako, utamwambia mwenyewe, au utakaa nayo. Ila nimemwambia nakuandikia. Baadaye nilimwona ameshusha blanketi lile la mistari, lile ulilokuwa ukilalia ukija, ameliweka juani.

Njoo. Usilete kitu, mahindi tunayo, na usije na hotuba, unapenda kuzungusha. Neno ni fupi na unalijua. Panda basi mpaka Mombo, utamkuta Elisante anakungoja, hata kama ni kwa kikohozi chake. Ukiona aibu kumkabili mtoto, pitia kwangu kwanza jikoni, nitakupa uji, tutanyamaza wote wawili mpaka uwe tayari. Mimi ni mdogo wako, sikucheki. Lakini usipokuja, huyu mtoto atabaki, na kila nikimwona amepiga magoti kwenye tuta la karoti nitajua ni nani aliyempanda pale.

Wifi Wema msalimie sana, mwambie ndama tumempa jina lake. Wasalimie watoto na wakwe zao. Elisante anakuamkia. Yusta anakusalimia kwa ukali, amesema niandike hivyo. Tatu amesema kwa vyombo vya wageni usihangaike, atavipandisha yeye. Ndugu wote wa Gare wameshapelekewa habari na wamekubali.

Mungu akulinde kwenye mabonde yote kati yako na sisi, akupe usingizi ndani ya basi, na akupe sauti siku hiyo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa moyo mmoja,

Dorkasi, mama yake Loveness.

Siku yenyewe ya kumuaga ni Jumamosi, tarehe mbili Agosti. Asubuhi, kaka, si jioni.